Mechi ya Kumi

Kufikia saa tatu asubuhi ya Jumatatu, Inspekta alikuwa ameambiwa na watu wanne kwamba Mkoba hana adui. Jambo hilo lilimkera. Mtu asiye na adui hanyweshwi dawa ya usingizi katikati ya mechi, akaketi chini dakika ya sitini na nane mbele ya watu elfu tisa kama yuko ukingoni mwa kitanda chake, akavua kiatu kimoja, kisha akalala.

Hospitali walikuwa wameshasema yao. Dawa ilikuwa nyingi, nayo ilimezwa chini ya saa moja kabla hajaanguka, yaani wakati wa mapumziko. Mkoba alikuwa hai, na kichwa kizito na dripu mkononi. Kilichobaki kilikuwa kazi ya polisi, na kazi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Saa tisa alasiri kamati ya klabu ingekaa. Ikiwa Mkoba alimeza mwenyewe, mkataba wake ungechanwa siku hiyo hiyo. Ikiwa aliwekewa na mtu, mkataba ungebaki, tena ungeongezwa mwaka mzima, kwa sababu uliandikwa wazi kwamba akifikisha mechi kumi msimu huu anabaki. Mechi ya Jumamosi ilikuwa ya kumi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuna klabu nyingine ambayo ingempigia simu.

Walimwita Mkoba kwa sababu alikuwa amechezea klabu tisa katika miaka kumi na sita, na kote huko mkoba wake haukuwahi kufunguliwa wote. Hakuwa mchezaji wa kuimbwa na mashabiki. Alikuwa kiungo wa kukimbia, kukaba na kumpa mpira anayejua kuliko yeye, basi. Wachezaji wa namna hiyo ndio wengi duniani, na mtu huwaona siku wasipokuwepo.

Koplo, aliyekuwa dereva wa Inspekta na shabiki wa klabu hiyo tangu utotoni, alikuwa na jibu lake tayari.

"Nahodha, afande. Sitaki kusema, lakini ni nahodha. Wote viungo, umri mmoja, wametoka timu moja ya vijana. Mmoja akipanda, mwenzake anashuka."

"Hutaki kusema, na umesema mara tatu tangu getini," alijibu Inspekta, akasukuma mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Ndani kulinukia dawa ya misuli na sabuni ya kufulia. Kila kitu kilikuwa na namba: ndoano za ukutani, taulo, ndala, chupa za maji, hata ndoo ya barafu ambayo haikuwa ya mtu. Mtunza vifaa, mwanamume mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa anakunja soksi na hakuacha kukunja.

"Jumamosi wakati wa mapumziko, Mkoba alikunywa nini?" aliuliza Inspekta.

"Kinywaji changu. Maji, chumvi, sukari na ndimu kidogo. Kila mtu na kikombe chake cha karatasi, kila kikombe na namba ya jezi."

"Kwa nini wasinywe chochote kilicho karibu?"

Mtunza vifaa alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini viatu huuzwa viwiliviwili. "Mama, watu hawatoki jasho sawa. Beki wangu wa kushoto akivua jezi, unaweza kuikamua ukapata ndoo. Yule namzidishia chumvi. Kipa simzidishii, kazi yake kusimama na kupiga kelele."

"Ulivipanga saa ngapi?"

"Dakika ya arobaini, pale mezani. Nikaenda kuchukua barafu, nikarudi."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Mlango haufungwi siku ya mechi. Nani aingie? Wote wako uwanjani." Alifikiri kidogo. "Labda Mkoba mwenyewe. Alikuwa benchi, kamba ya kiatu ikamkatikia, akaja kutafuta nyingine. Nilimkuta anafunga."

"Hukumwona mtu mwingine?"

"Hapana."

"Kikombe chake kilikuwa namba gani?"

"Ishirini na nane."

"Kiko wapi sasa?"

Soksi zilisimama hewani. "Nilikimwaga," alisema mtunza vifaa.

"Ulimwaga nini, kama kilishanywewa?"

"Hakikunywewa. Mechi ilipoisha vikombe vyote vilikuwa vitupu, cha ishirini na nane kimejaa hadi juu. Nikaona hasira, maana napima kwa kijiko. Nikamwaga, nikafuta meza."

"Jana tulizungumza saa nzima. Mbona hukusema?"

"Jana mliniuliza niliweka nini. Hamkuniuliza nilimwaga nini."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza maswali ya jana.

"Kwa hiyo Mkoba hakunywa kitu?"

"Alikunywa, nilimwona. Kocha aliingia akamwambia, wewe unaanza kipindi cha pili, jiandae. Akatupa koti, akachukua kikombe, akapiga mkupuo mmoja, macho yako kwa kocha. Halafu akakitazama kile kikombe, akakimbilia chooni. Nikamsikia anatapika."

"Ndiyo kawaida yake kabla ya kuingia?"

"Yule? Wapo wanaotapika kila Jumamosi, tunawajua kwa majina. Mkoba anaweza kula sahani mbili akaingia kucheza. Nilidhani ni furaha imemzidi."

Inspekta aliandika mistari miwili. Mkoba alikunywa kikombe kizima. Kikombe chake mwenyewe hakikuguswa.

Nahodha walimkuta katika chumba cha tiba, miguu yote miwili ndani ya beseni la barafu. Nje ya ukuta huohuo kulikuwa na picha yake ya ghorofa mbili, akiwa amewapa watu mgongo na namba nane imejaa picha nzima. Ana kwa ana alikuwa mdogo kidogo, na mwenye mafua.

"Nasikia mnanituhumu," alisema.

"Umesikia kwa nani?"

Nahodha alimtazama Koplo. Koplo aliitazama dari.

"Basi tusizunguke," alisema Inspekta. "Mkoba anacheza nafasi yako, na wewe una miaka thelathini na minne pia. Ulimwonea wivu?"

Nahodha aliangua kicheko, kisha akakikatiza mwenyewe. "Ukitaka ukweli, ndiyo. Ila si kwa mpira. Nimekaa klabu hii miaka kumi na sita, afande. Siwezi kununua mkate bila kuulizwa kwa nini nilikosa penalti ya mwaka juzi. Yeye ameishi miji tisa. Watu wakimchosha, anafunga mkoba. Mke wangu ananiambia kila siku, mwangalie mwenzako, amemwonyesha mkewe dunia."

"Na mke wa mwenzako anasemaje?"

"Sijui. Labda anamwambia aangalie nyumba yangu."

"Jumamosi wakati wa mapumziko ulikunywa nini?"

"Maji ya bomba. Kikombe changu nilikikuta kitupu. Nikadhani mtunza vifaa amenisahau, nikamtukana kimoyomoyo, nikaenda bombani."

"Kikombe namba nane."

"Namba nane. Ninayo tangu nina miaka kumi na minane."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Ya Inspekta iliendelea, polepole zaidi.

"Kwa nini Mkoba aliingizwa?" aliuliza. "Nasikia kocha alikuwa hamtazami."

Nahodha alishusha sauti, ingawa walikuwa watatu tu. "Nilimwomba mimi. Tukitoka uwanjani, pale kwenye ngazi. Kiungo mwenzangu alikuwa anachechemea, nikamwambia kocha, mtoe huyu, mwingize Mkoba, amebakiza mechi moja. Tulilala kitanda kimoja kwenye bweni la timu ya vijana, afande. Ningeshindwaje kumwombea dakika arobaini na tano?"

"Yeye anajua?"

"Hajui, na msimwambie. Ana kijicho na mimi tangu zamani. Mimi najifanya sioni, tunasalimiana, maisha yanaendelea."

Garini Koplo hakuweza kujizuia. Dawa aliwekewa nahodha, hilo lilikuwa wazi kama mchana, na Mkoba masikini aliponzwa na kikombe kisicho chake. Sasa alianza kuhesabu maadui wa nahodha: kipa wa akiba aliyetukanwa mazoezini, beki aliyenyimwa kupiga penalti, shemeji yake nahodha ambaye hawazungumzi tangu harusi. Alikuwa na orodha ndefu, na alionekana kuifurahia.

"Kata kushoto," alisema Inspekta. "Tunakwenda kwa mke wa Mkoba."

"Kwa nini tena huko, afande? Mumewe hakulengwa."

"Kwa sababu vidonge havioti mezani. Vimetoka kwenye kabati la mtu."

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Maboksi yalipangwa ukumbini hadi usawa wa bega, kila moja limeandikwa: vyombo, mashuka, vitabu. Mke wa Mkoba aliwafungulia kabla hawajagonga mara ya pili. Alikuwa amejitanda kanga na uso wake ulionyesha hakulala.

"Mmekuja kunikamata," alisema.

"Kwa nini nikukamate, dada yangu?"

"Kwa sababu vidonge ni vyangu. Nilivihesabu jana, sita havipo." Aliweka kichupa mezani kwa kishindo. "Daktari aliniandikia tulipokuwa mji wa sita. Kila nyumba ina kelele zake. Nikishazizoea, tunahama."

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Aingie nani? Miezi saba tuko hapa, jirani simjui hata kwa salamu."

"Mnagombana, wewe na mumeo?"

"Kila wiki. Mimi nina wivu, sifichi. Napekua simu yake, na kila siku ya mechi napekua mkoba wake kabla hajatoka. Mwanamume amekaa miji tisa, wewe usingepekua?"

Inspekta alikiri kwamba angepekua. "Na Jumamosi?"

"Nilipekua vizuri tu. Hakuna marashi, hakuna kijibarua. Viatu, soksi, kijikaratasi cha glukosi."

"Ulijuaje ni glukosi?"

"Aliniambia. Ulikuwa unga mweupe amekunja kwenye karatasi ya daftari. Nikauliza nini hiki, akasema glukosi ya kutia nguvu, nikamrudishia. Niliona hata haya. Mtu anakwenda kutafuta riziki, mimi namtafutia wanawake kwenye soksi."

Koplo aliinua kichwa na kufungua mdomo. Inspekta alimkanyaga kiatu.

"Alikuwa anamsema nahodha hapa nyumbani?" aliuliza.

"Wakati gani hamsemi? Kila klabu mpya swali lake la kwanza si nyumba, si shule, si hospitali. Anauliza, jezi namba nane iko wazi? Na kote walimpa. Hapa walimcheka usoni, wakampa ishirini na nane. Alirudi nyumbani siku hiyo hakula." Alikaa juu ya boksi la mashuka. "Mtamsaidia, sivyo? Wakituongezea huu mwaka tumekubaliana nafungua haya maboksi yote. Ameahidi baada ya hapo hatuhami tena."

Inspekta alisema watafanya kazi yao. Ndilo jibu alilokuwa akiwapa watu kila alipokuwa hana jibu jema, na mwanamke yule alimshukuru kwa mikono yote miwili. Vidonge alivichukua.

Kwenye ngazi Koplo alinong'ona, "Labda kweli ilikuwa glukosi."

"Labda," alisema Inspekta. "Na vidonge sita labda vimehama, kama wenyewe."

Saa nane kasoro robo walikuwa hospitalini. Mkoba alikuwa ameketi kitandani amenyoa ndevu, kwa ajili ya kamati. Alikuwa na mapaja mazito na uso wa mtu wa kawaida kabisa, uso ambao muuza duka angeusahau kabla hajatoa chenji.

"Mmempata?" aliuliza.

"Tumempata. Lakini kwanza niambie, ulikunywa kikombe kipi?"

"Changu. Ishirini na nane."

"Ishirini na nane kilikutwa kimejaa."

Mkoba alinyoosha shuka magotini. "Basi nilikosea. Watu wengi, kelele, kocha anaita."

"Ulikosea, hilo nakubali kabisa," Inspekta alivuta kiti. "Miaka kumi na mitano kila taulo uliyoshika ina nane. Kila ndala, kila chupa, kila ndoano. Kocha alipokuita macho yako yalikwenda kwake na mkono ukaenda ulikozoea. Kosa kama hilo hawezi kulifanya mtu aliyekaa klabu moja. Tena si jinai."

"Kumbe aliyeweka dawa alikuwa anamtaka nahodha." Aliyasema upesi, na sauti yake ilipata uhai. "Mtafuteni, basi. Mimi nimeponzwa tu. Iambieni kamati hivyo."

"Ndivyo Koplo wangu alivyosema, naye ni mtu mwema. Sasa nieleze hili. Mtu akinywa kikombe cha mwenzake kwa bahati mbaya hufanya nini? Huomba radhi, au hunyamaza akapitisha. Wewe uliitazama namba, ukakimbilia chooni kujitapisha. Chumba kizima hakuna aliyejua mna nini kwenye kikombe hicho. Wewe ulijuaje?"

"Nilikuwa na wasiwasi wa mechi."

"Mtunza vifaa anasema hujawahi kutapika."

"Mtunza vifaa anasema mengi."

"Mtunza vifaa anasema ulikuwa peke yako mezani, unafunga kamba ya kiatu. Na mkeo anasema ilikuwa glukosi."

Hilo ndilo lililompata. Aligeuza uso dirishani.

"Mmemwambia?"

"Bado. Bado anaamini ilikuwa glukosi."

Nje muuguzi alipita na kitoroli, magurudumu yakilia. Mkoba alisubiri hadi sauti ikapotea.

"Nilitaka achoke tu," alisema. "Aombe kutoka, kocha akose mtu, anitazame mimi. Sikutaka adhurike. Ana uzito kunishinda, nilipima kwa uzito wake."

"Kwa nini yeye? Kuna viungo wengine."

"Kwa sababu ni yeye." Sasa maneno yalimtoka bila kuombwa. "Tulikuwa timu ya vijana pamoja, jezi namba nane ilikuwa moja na sisi wawili. Kocha akarusha sarafu. Sarafu, afande. Ikamwangukia yeye. Siku hiyo hakuwa bora kuliko mimi hata kwa unywele. Akapandishwa timu ya wakubwa na jezi yake, mimi nikaambiwa nitafute pengine. Nimeitafuta hiyo namba miji minane. Nimelala vyumba ambavyo mkewe asingeingia hata kuuliza njia. Halafu narudi hapa uzeeni, na kila asubuhi nikishuka garini nakuta mgongo wake ghorofa mbili, umeandikwa nane. Anatabasamu nami, ananiita ndugu yangu. Hilo ndilo linaloniua. Angenidharau ningepona."

Ofisini kwa Inspekta, ghorofa ya pili, kulikuwa na mlango wenye jina la mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuandika ripoti. Kila asubuhi akipita pale roho ilimuuma, na kila asubuhi alimsalimia kwa heshima zote. Kwa hiyo alichokisikia hakikuwa kigeni kwake, na alikasirika kwamba hakikuwa kigeni.

"Ulipojua umekunywa wewe, kwa nini hukumwambia daktari?" aliuliza.

"Ningemwambia nini? Na ilikuwa ya kumi. Nilisema nikimbie, itatoka kwa jasho." Alijaribu kucheka. "Unajua kinachochekesha? Sikuhitaji kufanya lolote. Kocha aliniita mwenyewe. Mechi tatu hakunitazama, halafu Jumamosi akaingia tu, akaninyooshea kidole mimi. Kuna kitu alikiona kwangu, afande. Hata kwa umri huu."

Inspekta angeweza kuliacha hapo. Koplo, aliyesimama mlangoni, alimtikisia kichwa kidogo kumwomba aliache. Lakini jalada lingesomwa mahakamani, na mambo yote yangekuwemo, na kulisikia mbele ya watu kungekuwa kubaya zaidi.

"Nahodha ndiye aliyemwomba," alisema. "Pale kwenye ngazi, mkielekea mapumziko. Alimwambia umebakiza mechi moja."

Mkoba hakutikisika. Saa ya ukutani ilisogea hadi saa nane na dakika tano, na mwanamume yule alikuwa bado anamtazama mdomoni, kama anayengoja sentensi ibadilike.

"Hata hiyo," alisema mwishowe. "Hata hiyo kanipa yeye."

Inspekta alimsomea haki zake, neno kwa neno, kisha akaweka karatasi na kalamu juu ya shuka. Alimpa Koplo namba ya simu ya katibu wa kamati na kumwambia asiseme zaidi ya kwamba kikao hakina haja tena ya kungoja polisi.

"Nitaandika," alisema Mkoba. "Kila kitu. Ila yeye asijue."

"Lazima ajue. Sasa yeye ndiye mlalamikaji. Na kwa nilivyomwona leo, atakwenda kwa hakimu kuomba usifungwe."

Mkoba alikuwa ameshaichukua kalamu. Aliirudisha juu ya shuka.

"Mwambieni asiniombee," alisema. "Afande, nakusihi. Nifungwe miaka wanayotaka, lakini yeye asiniombee."

Inspekta alifungua daftari, akaliandika na hilo.